Nyasi bandia uani: kwanza uliza mkojo utakwenda wapi

Shemeji yangu anayeishi Tabata, Dar es Salaam, alinipigia simu wiki mbili tu baada ya fundi kumaliza kazi na kulipwa. Hakuwa na salamu ndefu. "Njoo unuse," alisema.

Ua wake ni mdogo, mita nne kwa tano, umezungushiwa ukuta, na miaka yote ulikuwa zege tupu lenye ufa mmoja katikati. Sasa ulikuwa kijani mpaka unatia wivu. Siku ya kwanza watoto walilala chali juu yake, picha zikapigwa, zikarushwa kwenye kundi la familia, shangazi wa Moshi akauliza ni mvua gani hiyo iliyonyesha Tabata peke yake. Mimi nilifika saa saba mchana, jua kali, na ua mzima ulinuka choo cha stendi: ile harufu inayochoma pua na kuleta machozi. Popi, mbwa wao, alikuwa kajilaza barazani, kimya, kama mtu ambaye kesi haimhusu.

Tukafunua pembe moja. Fundi alikuwa amepaka gundi juu ya zege, akatandika kapeti, akakata kingo kwa kisu, akaondoka. Chini yake palikuwa na unyevu wa rangi ya chai, umebanwa kati ya mgongo wa kapeti na zege, hauna pa kupitia. Nyasi zenyewe zilikuwa nzuri tu, za bei ya juu. Kilichokosekana ni njia.

Kizuri chajiuza, na nyasi bandia hujiuza kwa macho: muuzaji anakukunjulia kipande, unapapasa, unaona kijani, unaulizia bei ya mita ya mraba. Kwa nyumba isiyo na mnyama, mazungumzo hayo yanaweza kutosha. Kwa nyumba yenye mbwa au paka, sehemu inayoonekana ndiyo isiyo na shida. Unachonunua hasa ni mfumo wa kupitisha maji machafu, na kijani ni kifuniko chake. Asiyejua hilo atalipa mara mbili, kama alivyolipa shemeji.

Kazi ambayo udongo huifanya bila mshahara

Mbwa wa kilo 20 hukojoa kama nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa siku. Tuchukue hiyo nusu. Kwa mwaka ni zaidi ya lita 180, yaani ndoo tisa za lita 20. Ukiwa na uwanja wa udongo, ndoo hizo tisa humwagika kila mwaka na wala huzioni. Maji huzama, naitrojeni huliwa na mizizi na vijidudu vya ardhini, jua na upepo humalizia. Mwenye bustani ya ukoka anaijua alama inayobaki: duara la majani yaliyoungua, limezungukwa na pete ya kijani kilichokolea kuliko kwingine kote. Katikati mbolea ilizidi, ikachoma. Pembeni ilitosha, ikastawisha.

Kwenye zege la shemeji kazi hiyo ilikuwa ya dada wa nyumbani, kwa ndoo na fagio kila asubuhi. Kapeti lilipokuja, kila mtu alidhani usafi wa ua umekwisha. Plastiki haili kitu. Kinachoingia ndicho kinachobaki, mpaka kipitishwe au kioshwe.

Harufu nayo huchelewa kidogo, na hapo ndipo watu wanadanganyika. Mkojo mbichi wa mbwa haunuki sana, kwa sababu sehemu kubwa ya naitrojeni yake iko kwenye yurea, ambayo haina harufu. Kisha wanakuja bakteria wenye kimeng'enya kiitwacho yurease, wanaivunja yurea kuwa amonia na kaboni dioksidi. Amonia ndiyo ile inayokuchoma pua. Bakteria hawa hupenda joto na unyevu, na ukitaka mahali penye vyote viwili kwa pamoja, chini ya kapeti la plastiki Dar es Salaam mwezi Januari ni kama umewajengea hoteli. Kwa hiyo wiki ya kwanza hakuna kitu, ya pili unahisi labda ni mtaro wa jirani, ya tatu unapiga simu.

Nichomekee jambo hapa, kwa kuwa wauzaji wa dawa za kuondoa harufu hupenda kulitumia kututisha: "fuwele za asidi ya yuriki" zinazodaiwa kunata kwenye nyasi na kukataa kutoka. Miili ya mbwa wengi huigeuza asidi hiyo kuwa alantoini, kitu kinachoyeyuka kirahisi kwenye maji. Mbwa wanaojulikana kwa kutoa asidi ya yuriki nyingi ni Dalmatian, wale weupe wenye madoa meusi, kwa sababu ya hitilafu ya kurithi. Kama mbwa wako si wa aina hiyo, adui wako ni amonia, na amonia ina dawa ya bei rahisi nitakayoifikia.

Ilitengenezwa kwa ajili ya mpira

Inasaidia kukumbuka bidhaa hii ilitoka wapi. Mwaka 1965 mji wa Houston, Marekani, ulifungua uwanja wa besiboli wenye paa, Astrodome, na ndani yake kulikuwa na nyasi halisi. Paa lilikuwa na vigae vinavyopitisha mwanga, wachezaji wakalalamika kwamba mng'ao unawapoteza wasione mpira, vigae vikapakwa rangi, nyasi zikafa kwa kukosa jua. Mwaka uliofuata zikatandikwa nyasi za nailoni zilizotengenezwa na kampuni ya Monsanto. Huku kwetu wengi tulizizoea kupitia viwanja vya soka: Karume pale Ilala, Nyamagana kule Mwanza, Amaan Zanzibar. Zilibuniwa kwa ajili ya watu wanaokimbia juu yake kwa saa moja na nusu kisha wanakwenda kukojoa mahali pengine. Kila tatizo la nyumba yenye mnyama linaanzia hapo.

Nyasi zenyewe siku hizi huwa za aina tatu za plastiki. Nailoni ni ngumu na hustahimili joto, ila hunyonya unyevu kidogo, kwa hiyo si rafiki wa mkojo. Polipropilini ni ya bei ya chini, hulala mapema, na mara nyingi ndiyo hutumika kwa yale majani yaliyojikunja ya rangi ya kahawia chini ya yale marefu. Polithilini ni laini, hainyonyi maji, na ndiyo chaguo la kawaida la nyumbani. Urefu wa kati ya milimita 25 na 35 unatosha. Muuzaji atakusukumia zile za milimita 45 au 50 kwa sababu zinavutia miguu mitupu, lakini kinyesi laini cha mbwa mwenye tumbo baya kikizama humo, utakitoa kwa kijiko.

Ukishika kipande dukani, usiishie kwenye majani. Kigeuze. Mgongo ndio mazungumzo yenyewe. Makapeti mengi yana mgongo mweusi uliopakwa lateksi, wenye matundu madogo yaliyopangwa kwa nafasi ya kama sentimita kumi. Mkojo hupita kwenye matundu tu. Ulioangukia katikati hukaa juu ya lateksi, na lateksi huunyonya pole pole. Migongo ya poliyurethani hainyonyi sana. Iko pia aina ya mgongo unaopitisha maji kila mahali, kama chujio, bila matundu, na kwa mbwa hiyo ndiyo ningeilipia. Huhitaji kusoma karatasi ya kiwandani. Omba kipande, kiweke juu ya matofali mawili, mimina glasi ya maji, hesabu. Maji yakisimama juu yake kama kwenye sinia, umepata jibu lako.

Chini ya kijani

Sasa tufike penyewe. Kwenye ua wa udongo, fundi anayejua kazi huchimba kama sentimita kumi, huondoa mizizi yote, kisha husawazisha ardhi kwa mteremko wa sentimita moja au mbili kwa kila mita. Ni mteremko usioonekana kwa macho, lakini maji huuona. Mteremko huo lazima uwe na mwisho: mtaro, au shimo la kunyonya lililojazwa mawe, lililo mbali na kisima kama kipo, na mwisho huo usiwe ukuta wa jirani. Hapo ndipo lile swali la mkojo linapojibiwa, kwa koleo na toroli, kabla hata kapeti halijanunuliwa.

Aina ya ardhi hubadilisha hesabu yote. Kigamboni kwenye mchanga, maji hutoweka unayatazama. Ukielekea vilima vya Pugu, ambako udongo mweupe wa kaolini ni wa kuchimbwa kibiashara, mfinyanzi hushika maji kama bakuli, na shimo la kunyonya bila bomba la kuyatoa litakuwa dimbwi. Kabla ya kuamua lolote, chimba shimo la futi moja, lijaze maji jioni, litazame asubuhi. Fundi akikucheka, mwache acheke.

Juu ya ardhi hiyo huja kitambaa cha kuzuia magugu. Wengi hukiweka juu kabisa, moja kwa moja chini ya nyasi, kwa sababu hapo ndipo panaonekana pasafi. Kwa nyumba ya mbwa kinatakiwa chini, kati ya udongo na kokoto. Kikikaa juu, kinakuwa sponji: mkojo unapita kwenye kapeti, unakutana na kitambaa, unakaa. Halafu zinamwagwa kokoto, sentimita saba au nane, zinashindiliwa, na juu yake chenga ndogo sentimita mbili au tatu za kusawazisha uso. Chenga, narudia, zilizochekechwa. Vumbi la kokoto likishindiliwa pamoja na maji huganda karibu kama zege, na umerudi Tabata.

Hatua hii ikiisha, simamisha kazi. Kabla kapeti halijagusa chini, mwaga ndoo mbili za maji mahali ambapo mbwa wako hupenda kukojolea, kwa maana mbwa ana sehemu yake na wewe unaijua. Maji yanatakiwa yazame hapo hapo, au yatembee kuelekea mtaroni. Yakisimama, ni rahisi kurekebisha leo kwa koleo kuliko mwezi wa nne, masika yakiwa yameshajaa uani na kapeti linaelea.

Anayetandika juu ya zege ana njia nyembamba zaidi. Zege likiwa na mteremko mzuri, kinawekwa kwanza kile kitanda cha plastiki chenye vijiguu, kinacholiinua kapeti kama sentimita moja au mbili, ili maji yapite chini yake na hewa nayo iingie. Zege lisilo na mteremko linatobolewa, au linapasuliwa na kumwagwa upya. Gundi ya ukubwa wa ua mzima isiwepo kabisa. Kapeti la shemeji sasa limekaa juu ya vijiguu, limeshikwa kwenye kingo tu, na upande mmoja unaweza kufunuliwa ili kuoshwa chini. Na mwenye varanda ya ghorofani akumbuke kwamba chini yake kuna mtu anayeanika nguo.

Kuhusu kingo: mbwa huchimba, na huanzia pembeni. Kapeti linapigiliwa kwenye ubao au fremu iliyozikwa, msumari kila sentimita kumi au kumi na tano, kisha ukingo unafichwa chini ya pevingi. Maungio yanawekewa utepe mpana na gundi kwa chini, majani yote yakielekea upande mmoja, na ikiwezekana maungio yasipite mahali mbwa anapogeukia mbio akisikia geti. Kapeti jipya pia huachwa likunjuke juani saa kadhaa kabla ya kukatwa, maana limesafiri limeviringishwa na litabadilika vipimo kidogo likipata joto.

Mchanga wa kujazia

Katikati ya majani hunyunyizwa kijazo, kama kilo tano hadi kumi kwa mita ya mraba, kinachoyasimamisha majani na kulipa kapeti uzito. Viwanjani walizoea chenga nyeusi za matairi. Nyumbani usizikubali. Zinapasha joto, zinanata kwenye manyoya, mbwa mdogo huzila, na Umoja wa Ulaya ulipopitisha mwaka 2023 sheria ya kuzuia chembe ndogo za plastiki zinazoongezwa makusudi kwenye bidhaa, chenga hizo za viwanjani zilikuwa ndani yake, zikapewa hadi 2031 kuondoka sokoni.

Mchanga wa silika uliooshwa, wenye punje za mviringo, unafaa. Mchanga wa baharini, ambao fundi wa pwani atakwambia ni uleule, una chumvi na makombora yaliyosagika yanayoziba matundu.

Kwa mbwa kuna zeolaiti. Ni madini yenye vishimo vidogo sana ndani yake, yanayotokana mara nyingi na majivu ya kale ya volkano, na Bonde la Ufa letu lina sehemu zenye hayo. Zeolaiti huishika amonia iliyo katika hali ya amonio, ile isiyoruka hewani, na kuachia sodiamu au potasiamu badala yake. Inafanya kazi, nimeiona ikifanya kazi, ila ina kikomo ambacho haitangazwi nacho: vishimo hujaa. Katika mitambo ya kusafisha maji, madini haya husafishwa kwa maji ya chumvi ili yaanze upya. Uani mwako utahitaji kuyafanyia vivyo hivyo, au kuongeza mengine baada ya muda. Anayekuuzia kwa ahadi ya "milele" anauza maneno.

Joto

Jambo hili lingenifanya nikatae kabisa katika nyua fulani. Nyasi halisi hujipooza kwa kutoa maji kwenye majani, kama sisi tunavyotoka jasho. Plastiki haitoki jasho. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, jimbo la Utah, walipima uwanja wao wa nyasi bandia siku yenye hewa ya nyuzi 37 za Selsiasi, na wakakuta uso wa nyasi umefika 93. Wakajaribu kumwagia maji. Uso uliokuwa nyuzi 79 ukashuka hadi 29, wakafurahi. Baada ya dakika tano ulikuwa 49, na baada ya dakika ishirini 73.

Uwanja ule ulikuwa na chenga nyeusi za mpira, kwa hiyo ua wenye mchanga mweupe utakuwa na nafuu, lakini nafuu ya motoni. Mbwa hutoka jasho kwa uchache sana, kwenye nyayo zake tu, na nyayo ndizo zinazokanyaga. Weka kiganja cha mkono juu ya nyasi kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, na yeye ameshindwa, tofauti ni kwamba hana viatu. Siku ile Tabata, Popi hakulala barazani kwa aibu ya harufu. Alikimbia kuungua.

Kivuli ndicho tiba: mwembe, mwarobaini, au turubai la wavu. Na kama nyumba ina madirisha ya vioo vinavyorudisha mwanga, tazama saa tisa alasiri mng'ao wao unatua wapi. Mwanga uliokusanyika hivyo huweza kuyayeyusha majani yakabaki yamesokotana kama nywele zilizochomwa na pasi.

Paka, kuku na wengine

Paka ni kesi tofauti, na ngumu zaidi ya mbwa. Anatoka kwenye ukoo wa paka wa jangwani, na figo zake hubana maji mpaka mkojo unakuwa mzito. Ndani yake, hasa kwa dume lisilohasiwa, kuna felinini, kitu kinachovunjika taratibu na kutoa harufu yenye salfa siku nyingi baadaye. Isitoshe, paka hutaka kufukia. Asipopata cha kufukulia atakwenda kwenye maungio ya kapeti na kuyang'oa. Mpe kona ya mchanga mkavu, ubadilishwe mara kwa mara, na mara nyingi nyasi ataziachia mbwa.

Sungura na kobe wasiwekwe juu ya nyasi hizi. Watazitafuna, na plastiki haipiti vizuri tumboni mwao. Kuku watapekua kijazo chote hadi barazani ndani ya asubuhi moja.

Kuna ahadi nyingine ya wauzaji: kwamba kupe na minyoo vitaisha. Kupe wa kahawia anayewasumbua mbwa wa mijini haishi kwa kutegemea nyasi. Hutaga na kujificha kwenye nyufa za ukuta, kwenye banda, chini ya mbao. Ukiondoa ukoka hukumhamisha. Mayai ya minyoo ya mviringo ya mbwa nayo huhitaji kama wiki mbili au zaidi nje ya mwili kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, na watoto ndio wanaochezea chini. Kwa hiyo kinyesi kiondolewe kila siku, kikavu kwa koleo, laini kwa karatasi kisha maji, na dawa ya minyoo ya mbwa isisahaulike. Sheria ni ileile ya uwanja wa udongo.

Na kwa nyumba nyingi za mwambao kuna suala ambalo vipeperushi vya kiwandani haviligusi. Kwa madhehebu ya Shafii, kilichopatwa na mate au unyevu wa mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Sakafu inaoshika hivyo. Kapeti lenye majani ya sentimita tatu na mchanga ndani yake ni mtihani. Familia moja ninayoifahamu Tanga ilimaliza mjadala kwa wavu: mbwa wa ulinzi ana upande wake wa changarawe kuelekea geti, nyasi ziko upande wa watoto na mkeka wa kusalia. Paka huvuka anavyotaka, kwa kuwa mguso wake si najisi. Mkojo wake ni najisi kama mwingine, na huoshwa.

Ndoo, siki, na kile usichochanganya

Ratiba ya kawaida si ngumu. Mahali pa kukojolea pamwagiwe maji kila siku mbili au tatu wakati wa kiangazi, ua mzima mara moja kwa wiki, na masika mvua ikufanyie. Anayenunua nyasi bandia ili aokoe bili ya maji anapaswa kuhesabu hili: hutamwagilia tena, lakini utaosha.

Harufu ikianza, tumia siki. Sehemu moja ya siki nyeupe kwa mbili au tatu za maji, imwagwe, ikae nusu saa, isuuzwe kwa maji mengi. Asidi huigeuza amonia kuwa amonio, ambayo hairuki hewani, na suuza ndiyo inayoiondoa. Bila suuza umeificha tu. Dawa zenye vimeng'enya nazo husaidia zikiachwa zikae na unyevu kwa muda, si za kupuliza na kuondoka.

Watu wengine hunyunyiza magadi au soda ya kuokea wakidhani inasafisha. Alikali huisukuma amonia itoke kwa wingi zaidi, kwa hiyo nusu saa inayofuata mtakaa ndani. Kuchanganya soda na siki pamoja ni povu zuri la kupigia picha, na vyote viwili vimeuana. Ila hayo ni ya kuchekwa. Lisilochekesha ni Jik. Dawa ya klorini ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi ya kloramini, inayochoma mapafu ya mbwa, ya mtoto anayetambaa na ya anayesugua. Pia huuchakaza mgongo wa kapeti. Iachie chooni, na hata huko baada ya kusuuza.

Nusu ya ua

Ushauri ninaoutoa siku hizi hauwafurahishi wauzaji: usitandike ua mzima. Acha kona ya udongo au changarawe, yenye kivuli, ambako mbwa atafundishwa kukojolea, na nyasi bandia ziwe pale watoto wanapokaa. Ukiwa na jua na maji ya kutosha, ukoka au nyasi za Pemba bado ni za bei nafuu, hujirekebisha zenyewe, na hazihitaji siki.

Muulize muuzaji pia rangi ya kijani imetengenezwa kwa nini. Mwaka 2008 jimbo la New Jersey liligundua risasi kwenye viwanja vya nyasi za nailoni, iliyotokana na rangi zenye kromati ya risasi. Viwanda vingi viliachana nazo, lakini shehena isiyo na karatasi yoyote ya vipimo inaweza kuwa imetoka popote, na mbwa hulamba anachokilalia. Karatasi ipo? Nunua. Haipo? Tembea hadi duka la pili.

Na muulize itakapochakaa itakwenda wapi. Kapeti zuri huhesabiwa miaka kumi au kumi na tano, jua la ikweta likiwa na la kusema katika hesabu hiyo. Mifuko ya plastiki Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania 2019, huku mizingo ya plastiki yenye upana wa mita nne ikipakuliwa bandarini kwa amani. Kulichambua kapeti ni shida, kwa kuwa polithilini, lateksi na mchanga vimeshikana, hivyo safari yake ya kawaida ni dampo la Pugu Kinyamwezi.

Lile la kwanza la shemeji halikufika huko. Tulipolibandua, gundi ilitoka na ngozi ya zege, na mwenyewe akalikata vipande: kimoja kikaenda kwa kijana wa bodaboda, kimoja mbele ya genge la mama wa mboga, kimoja akakibakiza anakioshea gari. Mama wa mboga alikirudisha siku ya tatu. Alisema mteja mmoja alimuuliza kama anauza na samaki.